Aliyebisha Hodi Bustanini

Ndege walinyamaza wote kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Mwalimu Soud hakulipenda. Ndege wa bustani ya mji hawakuwa na kawaida hiyo. Mwewe akipita juu hunyamaza kidogo, kisha mmoja hujitia ujasiri akaanza, na wenzake wakamfuata. Asubuhi ile hapakuwa na mwewe. Palikuwa na mawingu ya mvua za kwanza, na matone ya usiku yakidondoka moja moja kutoka kwenye majani.

Soud alikuwa amejikunyata ndani ya kibanda cha nyasi, darubini machoni. Kibanda kilikuwa kidogo, cha kuchuchumaa watu wawili. Alikijenga mwaka uliotangulia pamoja na binti yake Khole ili ndege wasiwaone. Kila mwaka, mvua zikishaanza na uyoga kuanza kutokeza, baba na binti walitenga siku nzima, toka asubuhi mpaka alasiri, wakae bustanini watazame ndege na uyoga. Salme, mama yake Khole, aliwacheka sana. "Wenzenu wakiona uyoga wanachuma wakapike, ninyi mnautazama tu, mtashiba macho?" Mwaka huu Khole hakuwapo. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua katikati ya mwezi wa Ramadhani, akiwa na umri wa miaka minane. Soud alikwenda peke yake, kwa sababu siku ile ilipofika hakujua aipeleke wapi.

Mbele yake chozi dume, yule ndege mdogo mnyonya maua, alikuwa ameng'ang'ania ua jekundu, naye amenyamaza, kichwa upande, anasikiliza.

"Hodi," ilisema sauti nyuma ya nyasi. Ilikuwa sauti ndogo, ya adabu.

"Karibu," alijibu Soud, macho hayajatoka kwenye darubini.

Tusimlaumu. Sisi watu wa Tabora hodi hatuijibu kwa akili, tunaijibu kwa mdomo. Mtoto hufundishwa kusema karibu kabla hajajua kufunga kifungo cha shati lake. Mtu anaweza kuwa jikoni, bafuni, hata usingizini, akisikia hodi mdomo unajifungua wenyewe. Ila wazee walikuwa na mpaka wao. Nyumbani jibu upendavyo. Lakini nje, hasa pale ambapo misafara ya zamani ilikuwa ikilala, usimjibu mbisha hodi mpaka umwone uso. Na bustani ile, kabla Mjerumani hajaja kuipimia njia na kuipandia miti, ilikuwa kambi ya wapagazi waliotoka pwani kwenda Ujiji na kurudi na pembe za ndovu begani. Wengi hawakuondoka pale. Soud aliyajua hayo tangu utotoni, na darasani alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba taifa linalojitegemea haliogopi vichaka.

Hakuingia mtu. Ila mkeka aliotandika ulibonyea ubavuni mwake, taratibu, kama unavyobonyea mtoto anapokaa. Hewa ikapoa. Harufu ya udongo mbichi na kuni zilizooza ikamjaa puani. Soud alishusha darubini, akatazama mkeka mtupu, kisha akatazama nje. Kukizunguka kibanda, mahali ambapo asubuhi alipita kwa miguu yake na kuona mchanga mtupu, uyoga mweupe ulikuwa umeota duara zima, bila kuacha nafasi ya mlango.

Alitoka akauruka. Getini alimkuta Limbu, mlinzi wa bustani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa anavuta tumbaku.

"Limbu, ni nani aliyepita kule kwenye kibanda changu?"

"Hakuna, mwalimu. Mimi toka tulipoamkiana sijaondoka hapa."

"Mtoto je? Hukuona mtoto?"

Limbu alimtazama, akamtazama tena ubavuni, kiasi cha kimo cha kiuno. Akaitupa tumbaku yake. "Nenda nyumbani, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Wala usisimame njiani."

Soud alikuwa akikaa Gongoni, katika nyumba ya baba yake. Ndugu zake walikuwa wameondoka mmoja mmoja baada ya Azimio la Arusha, huyu Dar es Salaam, huyu Maskati, wakamwachia nyumba na makaburi ya wazee. Yeye alibaki, akafundisha shule ya msingi, akalima Jumamosi kwenye shamba la pamoja kama walimu wengine. Tangu msiba, nyumba ile ilikuwa kimya. Salme hakulia siku ya mazishi na hakulia baadaye. Alipika, alifagia, alijibu alipoulizwa, basi.

Siku ile alimkuta kibarazani anachagua mchele. Salme aliinua uso kumwangalia mumewe, macho yakamteremka mpaka ubavuni kwa Soud, ungo ukamtoka mkononi na mchele ukamwagika wote.

"Umempata wapi?" alinong'ona.

"Nani, Mama Khole?"

Salme alikuwa ameshapiga magoti, amefungua mikono, na mikono ile ilikumbatia kitu ambacho Soud hakukiona. Kanga yake ilijikunja mahali palipokuwa patupu. Kisha Salme akacheka, kicheko kile chake cha zamani, na Soud, ambaye alipaswa kukimbia kumwita mtu, alisimama pale pale akalia kwa furaha. Alikuwa amekikosa mno kicheko kile.

Hapo ndipo alipokosea zaidi ya kusema karibu. Alimwacha mgeni akae.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, tuseme ukweli. Salme alipika vitumbua tena. Alizungumza jikoni, akinyamaza kusikiliza, akijibu. Alifua magauni madogo, akayaanika. Soud hakumwona mtoto, lakini alikuwa akisikia. Akiwa chumbani anasahihisha madaftari, angesikia uani mlio wa ndege dudumizi, ule wa maji yanayomiminwa kutoka gudulia, na ulikuwa mlio wa Khole, kwa kuwa Khole akiuiga alikuwa akikatikiwa na pumzi mwishoni akacheka. Soud alikuwa akiweka kalamu chini akafumba macho. Alijua kwamba aliyezikwa hazunguki uani. Alijua, na bado kila alasiri alitoka shule mbio.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Lukumani, ndiye aliyemshtua. Alimsimamisha njiani akamvuta pembeni.

"Mwalimu, samahani, si kawaida yangu kuingia ndani ya nyumba za watu. Bi Salme kaja duka la ushirika jana. Anadai sukari ya watu watatu. Wenzake kwenye foleni wakamwonea huruma, wakanyamaza. Lakini mwalimu, umemtazama mkeo siku hizi?"

"Amefurahi, mzee. Anapata nafuu."

"Nimekuuliza kama umemtazama."

Soud alikwenda nyumbani akamtazama. Salme alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka nje. Kucha zake zilikuwa za buluu. Alipomshika mkono aliuachia upesi, kwa jinsi ulivyokuwa wa baridi. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya uyoga, uyoga mtupu, bila chumvi wala kitunguu.

"Chakula chenyewe hiki?"

"Anauleta yeye," alisema Salme, akitabasamu. "Anasema nile. Nikila kingine anasikitika."

"Anauleta kutoka wapi?"

Salme alionyesha chumbani kwao kwa kidole, kama mtu anayeonyesha duka la jirani.

Alfajiri iliyofuata Soud aliamka kwa ajili ya sala, akawasha kandili, na mwanga ulipotulia aliona mke wake amelala ubavu, mkono mmoja ameupitisha juu ya shimo lililobonyea kwenye godoro baina yao, shimo lenye kichwa na mgongo na miguu iliyokunjwa, na blanketi lote limevutwa kulifunika shimo lile hata Salme mwenyewe akawa amebaki wazi, midomo imepauka, pumzi zake zikitoka kwa kuhema, na chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji ambayo baba yake Soud aliimwaga kwa mkono wake na ambayo haikuwahi kuwa na ufa, uyoga ulikuwa umeota kwa wingi, mweupe, umesongamana, vikofia vyote vimeelekea juu upande wa Salme, na harufu ikawa ile ile ya kibandani, ya kuni zilizooza, ila sasa ilikuwa ikitoka kinywani mwa mke wake kila alipopumua. Shimo likajigeuza. Likamsogelea Salme zaidi, likijikunyata kwake.

"Baba," ilisema sauti, yenye usingizi. "Zima taa. Nikiwa na mama siogopi giza."

Aliizima. Mungu amsamehe, mkono wake ulizoea kumtii.

Kulipopambazuka alikwenda kwa Bi Mwanamkuu. Huyu alikuwa Mmanyema, mkongwe mfupi mwenye ulimi mkali, aliyekuwa kungwi wa Salme siku za harusi na ambaye mji mzima ulijua kwamba husomea watu wenye majini, ijapokuwa mchana alikataa. Alisikiliza bila kumkatiza. Walipofika nyumbani hakubisha hodi. Alisimama nje akapiga makofi, na Soud alipotaka kumkaribisha alimziba mdomo kwa kiganja.

"Ndani ya nyumba hii lisitamkwe neno hilo tena mpaka nikuruhusu," alisema. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Salme, akanusa, akanyoosha mkono juu ya shimo godoroni. Aliuacha pale muda mrefu. Soud aliona uso wa yule bibi ukilegea, machozi yakamlengalenga, na jambo hilo lilimtisha kuliko uyoga.

Walitoka uani.

"Nilikuja na ubani wa kumfukuzia shetani," alisema Bi Mwanamkuu. "Yule si shetani. Mwalimu, unajua kwamba kila mtu huzaliwa na mwenzake wa upande wa pili?"

"Karini. Nimesoma chuoni, kwenye Kurani."

"Umesoma. Basi mtu akifa, karini wake hubaki. Karini wa wazee wameshajua dunia, huenda zao. Yule wenu alikuwa mdogo. Hakujua pa kwenda, akaenda kungoja pale alipozoea kufurahi na mwenzake. Wewe ukamwambia karibu."

"Kwa hiyo si Khole."

"Si Khole." Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Shida ni kwamba yeye hajui kuwa si Khole."

Soud aliketi chini pale pale kwenye vumbi.

"Hana ubaya," aliendelea Bi Mwanamkuu. "Ana baridi tu, kwa kuwa mwili aliokuwa akijiotea joto haupo tena. Anajiotea kwa mama yake. Anamletea chakula anachokijua. Wiki hii haitakwisha, mwanangu, Salme atakuwa mchangani, na yeye ataketi pembeni asielewe kwa nini mama haamki."

"Mtoe, bibi."

"Naweza kumtoa kwa moto na pilipili. Ataogopa, atamshikilia mama yake, na akitoka hapo atatoka na roho ya Salme. Yule ni mgeni, mwalimu. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, husindikizwa. Tena husindikizwa na yule aliyemkaribisha." Akamshika kidevu amtazame. "Mrudishe mlipokutana. Umwambie ukweli, kwa sababu asipojua atarudi. Kisha umuage. Ukishasema kwaheri, akikuita usiitike. Ukiitika mara moja tu, umemkaribisha upya."

Soud alisema jambo ambalo Bi Mwanamkuu alilisimulia mpaka uzeeni mwake, na kila alipolisimulia alitikisa kichwa.

"Naomba nimpe siku nzima. Mvua imenyesha. Atataka kuona uyoga."

"Jua lisizame mkiwa pamoja," alisema bibi.

Basi ilikuwa hivyo. Bi Mwanamkuu alimfunga Salme kifuani kwake kwa shuka, akimsomea sikioni, naye Soud akasimama mlangoni, darubini shingoni, akasema, "Twende zetu bustanini." Akasikia nyayo ndogo za mbio sakafuni. Kitu baridi kikaingia ndani ya kiganja chake, na kikakaa humo.

Limbu alifungua geti, akavua kofia, akawapa mgongo.

Ndani ya bustani ndipo alipomwona. Kwanza ilikuwa kama unyevu unaosimama juu ya nyasi, kisha gauni la njano, kisha kisogo chenye mistari ya nywele alizosuka Salme mwenyewe siku moja kabla ya homa. Akageuka. Alikuwa Khole, mpaka pengo la jino. Soud alijiambia si yeye, si yeye, na mikono yake ikawa inamtengenezea kola ya gauni.

"Baba, kigong'ota!" alisema mtoto, akionyesha. "Anatoboa ule mti mkavu. Jike. Hana wekundu kichwani."

"Kweli. Tazama anavyojikaza kwa mkia."

Walizunguka bustani nzima. Waliona hondohondo wakigombania tunda, wakacheka. Waliona mnana akifuma kiota, akikosea, akikifumua kwa hasira. Kwenye kichuguu waliukuta ule uyoga mkubwa wa kujaza sahani, na mtoto akalala kifudifudi autazame kwa chini, zile karatasi zake nyembamba zilizopangana, akauliza ni nani anayezipanga. Soud akajibu kama alivyojibu mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Siku ile alikuwa na furaha. Tuseme hivyo bila aibu: alikuwa na furaha na moyo umevunjika kwa wakati mmoja, na hakujua kimoja kinaishia wapi. Mara mbili alifikiri asirudi. Akae tu, baridi imwingie yeye, Salme apone peke yake. Kisha alikumbuka kucha za buluu.

Adhuhuri ilipita. Alasiri ikaja. Jua lilipoanza kuteremka upande wa Kipalapala, mtoto alipanda juu ya gogo lililoanguka, akatembea amenyoosha mikono. Alifika mwisho, akageuka. Kila mahali alipokanyaga gome lilikuwa limevimba, limepasuka, na vikofia vyeupe vinachomoza.

"Baba, ulinifundisha kwamba uyoga huu hauoti kwenye mti mzima."

"Ndiyo."

"Unaota kwenye kilichokufa."

"Ndiyo."

"Mbona unaota ninapopita mimi?"

Soud alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, na yote yalimkimbia. Alipiga magoti mbele ya gogo macho yao yawe sawa.

"Khole alikufa," alisema. "Mwezi wa Ramadhani. Nilimwosha pamoja na mama yako mkubwa, nikambeba mwenyewe. Wewe ulizaliwa naye siku moja. Umekua naye. Aliyoyajua unayajua, aliowapenda unawapenda. Lakini wewe si yeye."

Mtoto alichezea kola yake.

"Niliona mkimbeba," alisema mwishowe. "Nilidhani ni mchezo. Nikawafuata mpaka kule mlikochimba, nikangoja atoke. Nikangoja sana. Halafu nikaja huku, nikawa naongea peke yangu kwa sauti yake, nikaona inafanana. Nikadhani labda mimi ndiye."

Soud alimshika mikono yote miwili.

"Mama ni mgonjwa kwa sababu yangu?"

"Una baridi. Inamwingia."

"Sikujua, baba. Wallahi sikujua." Midomo ilimtetemeka kama ya mtoto yeyote anayejikaza asilie. "Sasa mimi nitakwenda kwa nani?"

Hilo Bi Mwanamkuu hakumpa jibu lake. Soud alitafuta ndani ya vyote alivyosoma, chuoni na shule, hakupata kitu. Alivua koti lake akamvisha. Koti lilisimama juu ya mabega yale madogo kwa muda, likaanza kuloa.

"Kwaheri," alisema.

Mtoto alimtazama, akingoja. Kwetu mtu wako humwambii kwaheri ukaishia hapo; kwaheri ina mkia wake, na mtoto aliyelelewa vizuri hukungojea umalizie.

"Ya kuonana?" alimsaidia. "Baba? Ya kuonana?"

Soud alisimama, akageuka, akaanza kwenda. Nyuma yake sauti ikaita, baba, bila woga, kama mtoto anavyoita kutoka chumba cha pili akitaka maji, na alipokaza mwendo ikaita tena, sasa kwa mashaka, na tena, kwa kilio, na alipofika kwenye njia ya changarawe iliacha maneno ikaanza kumwita kwa milio ya ndege, kwanza tetere, kwa sababu ndiye ndege wa kwanza aliyemfundisha akiwa bado anambeba begani, kisha kurumbiza, kisha mnana na ugomvi wake wote, kisha dudumizi, yale maji yanayomiminwa, chini, chini, chini zaidi, mpaka pumzi ikakatika mwishoni mahali pale pale, na safari hii hakikufuata kicheko, na Soud aliziba masikio kwa viganja akakimbia akilia kwa sauti kubwa, mwalimu mzima, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kazini.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linagusa mapaa. Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni.

"Imekwisha," alisema bibi kwa kunong'ona. "Uyoga wa chini ya kitanda umenyauka wote. Amekula uji kikombe kizima. Alilala kidogo, sasa yuko macho." Akamtazama uso, akamwekea mkono begani. "Pole, baba. Pole sana."

Salme alikuwa ameketi kitandani. Mashavu yalikuwa yamerudiwa na damu. Aliangalia mlango, akamwangalia mumewe, akamwangalia ubavuni, kiasi cha kimo cha kiuno, akangoja.

"Baba Khole," alisema. "Yuko wapi?"

"Mama Khole, sikiliza."

"Mlitoka wote. Nilisikia akikimbia. Umemwacha wapi?"

"Bustanini."

Salme aligeukia dirisha. Nje giza lilikuwa linaingia, na upepo wa mvua umeanza.

"Na nani?" aliuliza. "Soud, umemwacha na nani?"

Salme alishusha miguu sakafuni akasimama, yeye ambaye jana yake alibebwa kwenda bafuni. Alichukua kanga ukutani akajitupia kichwani, akaenda mlangoni. Soud alimziba njia. Bi Mwanamkuu alitaka kumshika, naye akamsukuma bibi wa watu akapepesuka. "Nipishe," alisema. "Anaogopa giza. Unajua anaogopa giza. Nipishe!" Kisha akampiga mumewe. Alimpiga kifuani, usoni, mabegani, kwa nguvu zote alizokuwa amerudishiwa alasiri ile, na kile kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi kikatoka, kikasikika mtaa mzima wa Gongoni, majirani wakatoka barazani.

Soud hakujikinga. Alisimama ameegemea mlango uliofungwa, akapigwa. Mikono ya mke wake ilikuwa ya moto, na kila ilipomwangukia alimshukuru Mungu.